Mbuzi wa Mahari Kule Japani

Nakiri mbele yenu: mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka Kahindi, mwenzangu katika kiwanda cha magunia huku Changamwe, kwa kuwa hutazama muvi za Kijapani zilizosimuliwa na DJ kwa Kiswahili. "Mimi husoma maandishi ya chini," nilimwambia. "Huyo DJ anakutilia chumvi tu."

Ukweli ni kwamba muvi iliyovuma wiki ile, maandishi yake yalinishinda mbio. Jumapili nikatafuta ile ya DJ, nikalia mpaka mwisho.

Jumatatu, saa ya chai na mahamri, kila mtu alitoa maoni juu ya muvi ile. Mjane anampenda kijana aliyepandikizwa moyo wa marehemu mumewe, na kijana anaanza kukumbuka mambo ya marehemu. Mama Neema akasema mjane yule hana haya. Nikamtetea kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Mwenzenu kafiwa. Moyo ni wa mumewe, atauachaje? Wenye makosa ni wakwe zake, kuja matangani kudai mbuzi wao wa mahari!"

Mama Neema akaacha kutafuna. "Kumbe Wajapani nao hutoa mbuzi wa mahari?"

"Si nimesoma mwenyewe, kwa macho yangu!"

Kahindi akaweka kikombe chini taratibu. "Dada Riziki, wale mbuzi ni wa DJ. Mimi niliwasikia kwake. Wewe umewasoma wapi?"