Kola Isiyo na Shati

Lu Bingkun alipofariki, watu wote wa kichochoro walikubaliana kwamba Shanghai imepoteza mzee mtanashati. Mkewe, Suwen, alifungua kabati kumtafutia nguo za kuzikwa, akasimama mbele yake kwa muda mrefu. Kulikuwa na makoti matatu, suruali zilizokunjwa kwa mstari ulionyooka, viatu vya rangi mbili, na sanduku la bati lililojaa kola. Shati halikuwamo hata moja.

Suwen alilijua hilo tangu wiki ya harusi yao. Enzi hizo nguo zilinunuliwa kwa kuponi za mgao wa serikali, na kuponi za mwaka mzima hazikumtosha mtu shati na suruali. Ndipo wanaume wa Shanghai wakaanza kuvaa kola tupu: ukosi, kipande cha kifua chenye vifungo vitatu, kipande kifupi cha mgongoni, na tepe mbili za kupitisha kwapani. Mikono haina, tumbo haina. Ukivaa sweta juu, nani atajua?

Bingkun alikuja kuposa kwa akina Suwen akiwa na kola nyeupe shingoni, na wiki iliyofuata akaja na ya bluu, kisha ya mistari. Mama yake Suwen akanong'ona jikoni, "Kijana wa kiwanda cha chupa za chai ana mashati mengi hivi? Mshike huyo, mwanangu." Suwen akamshika. Siku alipolifungua lile sanduku la bati, alicheka mpaka akakaa chini.

"Umeolewa na shingo," Bingkun alimwambia. "Sehemu iliyobaki itakuja polepole."

Haikuja. Suwen alifanya kazi kwenye karakana ya mashati, akawa anarudi na vipande vilivyobaki mezani, na kwa vipande hivyo akamshonea mumewe kola. Kuponi zilipoondolewa na mashati yakajaa madukani, Bingkun alikataa kuyanunua. Alisema shati la dukani linamkaa shingoni kama mgeni. Kila Jumamosi alivaa kola iliyotiwa wanga, sweta jembamba, koti na miwani ya jua, akaenda Barabara ya Anfu, ambako vijana wenye nywele za bluu na suruali pana kama mapazia hupita na kurudi, na wenye kamera huwangojea chini ya miti. Walimpiga picha kama walivyopigana picha wenyewe. Kabla hajatoka, Suwen alimnyoosha ncha ya kola kwa kidole pale mlangoni.

Jambo moja tu halikumpa raha Suwen. Alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni, wa misa ya alfajiri na rozari, na aliona kola ile ni uongo mdogo unaotembea barabarani.

"Watu wanadhani una shati," alimwambia.

"Wadhani tu. Mimi nimesema ninalo?"

"Mungu anaona chini ya sweta, Bingkun."

"Basi ameona kazi yako. Ana bahati."

Hakuwa tayari kulivua sweta mbele ya mtu, hata kwenye joto la Juni. Mwaka jana tu, siku moja ya jua kali, alirudi nyumbani na sweta limelala mkononi na koti limefungwa vifungo vyote. Suwen alipomtazama, akasema amelivua ngazini.

Sasa nguo zilitakiwa kesho yake asubuhi kwenye nyumba ya mazishi. Suwen aliona wazi kwamba mumewe hawezi kwenda mbele za Mungu akiwa amevaa uongo, na kwamba yeye ndiye aliyeushona. Akatoa kitambaa cheupe alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mapazia, akakitandaza mezani, akachukua mkasi.

Bingzhu, dada wa marehemu, aliingia na kumkuta akikata mikono ya shati.

"Wifi, unafanya nini?"

"Namshonea shati."

"Leo? Miaka yote hiyo kaka yangu ametembea na nusu shati, leo amelala ndiyo unamshonea zima? Atavaa sweta juu. Nani ataona?"

"Atakayeona yupo."

Bingzhu akakaa kwenye kochi, akavua viatu. "Aliwahi kuniambia akifa avalishwe ile kola ya mistari. Alikuambia na wewe?"

"Aliniambia."

"Na hutamvalisha?"

Suwen aliinamia cherehani. Alikuwa amekwisha kuunga bega moja, lakini sindano ya cherehani ilikuwa inaruka, na macho yake yalikuwa yanaruka pia. Kila alipokitazama kitambaa alimwona Bingkun akijipapasa shingoni, akilalamika kwamba shati linambana. Akasali kimoyomoyo: Ee Bwana, nikimvika anachotaka namletea aibu mbele yako, na nikimvika ninachotaka namsindikiza amenuna.

Mlango ukagongwa. Alikuwa msichana mwenye nywele zilizonyolewa upande mmoja, amebeba maua meupe ya krisanthemamu na bahasha kubwa. Aliinama, akasema anaitwa Tang Yuchi, mpiga picha wa Barabara ya Anfu, na kwamba mwuza tambi wa kona ndiye aliyempa habari za msiba.

"Pole sana, bibi. Babu Lu alikuwa wetu sote kule. Nimekuletea picha yake. Aliniambia nisikuonyeshe."

"Kwa nini?" Bingzhu akadakia, viatu mkononi.

"Alisema bibi atamgombeza kwa kusimama barabarani na fulana."

Suwen akaitoa picha kwenye bahasha. Bingkun alikuwa amesimama katikati ya Barabara ya Anfu kwenye jua la mchana, koti limening'inia begani, sweta mkononi. Juu ya fulana ya mikono mifupi kulikuwa na ile kola ya mistari, vifungo vitatu, na tepe zikipita kwapani, zote zikionekana. Nyuma yake vijana walikuwa wameshika midomo. Yeye alikuwa anacheka kwa meno yake yote aliyobakiwa nayo.

"Ilikuwa Juni mwaka jana," Yuchi alisema. "Joto lilikuwa kali, nikamtania, 'Babu, utaiva humo ndani, vua sweta.' Akavua koti, kisha akalivua. Kila mtu akageuka. Akasema kwa sauti, 'Nimewadanganya watu wa Shanghai tangu ujana wangu. Shati sina. Mke ninaye.' Halafu akageuka polepole ili tuone mshono wa nyuma."

Bingzhu aliangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa soksi aliyokuwa ameishika.

"Ngazini," Suwen alisema. "Aliniambia amelivua ngazini."

Aliitazama picha mpaka msichana akadhani amekasirika. Kisha akainuka, akazima cherehani. Lile shati la bega moja akalikunja akaliweka kando. Akatoa kola ya mistari kwenye sanduku la bati, akaichovya kwenye wanga, akawasha pasi. Ilipokauka, akaiweka kwenye mfuko wa nguo pamoja na fulana mpya na koti. Bingzhu akaongeza sweta. Suwen akalitoa.

"Wifi! Watu watapita kumuaga. Watacheka!"

"Wacheke. Mwenyewe alicheka." Akamgeukia Yuchi. "Picha hii ni kubwa ya kutosha kuwekwa mbele ya jeneza?"

"Inatosha, bibi."

"Basi keti. Nikupikie tambi, umekonda."

Kesho yake Bingkun alilala na koti lililo wazi, na kola ya mistari juu ya fulana nyeupe, tepe zinaonekana. Wazee wa kichochoro walipita mmoja mmoja. Wengine walitabasamu, na mmoja alijigusa shingo yake mwenyewe chini ya sweta, akapita haraka. Padri akanyunyiza maji ya baraka. Matone yakaanguka kwenye kola, wanga ukaanza kulainika, na ncha moja ikainama.

Suwen akasogea, akainyoosha kwa kidole, kama alivyofanya kila Jumamosi pale mlangoni, akamwacha aende.