Jemadari Nyumbani kwa Mkunga

Felomena hakuwahi kufuga mbwa. Kwao Mbinga mbwa walikuwa wa wawindaji, walilala nje na kujitafutia. Lakini mwaka ule wa 1981 mwizi aliingia mara mbili katika nyumba yake nyuma ya zahanati ya Mandawa, mara ya kwanza akachukua redio, mara ya pili blanketi, na tangu hapo mkunga huyu akaanza kulala na viatu mguuni. Aliishi peke yake, mbali na ndugu, na usingizi ulikuwa umemhama.

Ndipo Apolinari akamletea Jemadari. Apolinari alikuwa meneja wa ghala la korosho kule Nachingwea, naye alikuwa amepata uhamisho wa Tabora. Mbwa hakuwa na nafasi katika safari hiyo. Alikuwa mbwa wa Kijerumani, aina ile wanayofuga polisi: masikio wima, mgongo mweusi, macho ya kuuliza maswali. Miaka minne amelinda ghala, na gunia halikupotea hata moja.

"Kaa naye mpaka Jumamosi ijayo," Apolinari alisema, akifunga mnyororo kwenye nguzo ya baraza. "Mkielewana, ni wako. Ukishindwa, nirudishie kabla sijaondoka."

Akamweleza namna ya kuishi naye. Amlishe kwa mkono wake mwenyewe. Amtembeze asubuhi na jioni. Asimwoneshe woga, kwa kuwa mbwa huyu akijua humwogopi atakutii, na akijua unamwogopa atajitawaza. Na la mwisho: anayekuja kwa mbele akabisha hodi, Jemadari humbwekea tu mpaka mwenyeji atoke. Anayezunguka nyuma kimyakimya, huyo humzuia asitoke tena.

Felomena aliitikia kwa kichwa. Mwizi wake alipitia nyuma.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Jemadari alimaliza sufuria nzima ya ugali wa dona na dagaa, kisha akamtazama kama mtu aliyeonjeshwa. Njiani kwenda kisimani alimvuta hadi kanga ikamvuka mabegani, na wanawake waliokuwa wakichota wakaweka ndoo chini wapate kucheka vizuri.

"Sista," mmoja akauliza, "hapo nani anamtembeza mwenzake?"

Majirani waliozoea kukatiza uwanjani kwake sasa walizunguka mbali, wakikusanya nguo zao za kuswalia. Na usiku, mbwa akiinuka, naye anainuka. Jani likidondoka, wote wawili wamesimama. Lakini mwizi hakuja. Halafu Jumatano jioni, Felomena akichemsha maji, Jemadari alikuja na kulaza kichwa juu ya mguu wake, kichwa kizito, chenye joto, nao moyo wa Felomena ukalegea. Akaona huenda wakawezana. Alhamisi asubuhi, kwa mara ya kwanza, alimfungua mnyororo akamwacha uwanjani, akaenda kisimani peke yake.

Asubuhi hiyohiyo Ashura, mkaza mwana wa Mwamini, mama mmoja wa hapo kijijini, alishikwa na uchungu. Mwaka uliotangulia alikuwa amezika mtoto ambaye hakulia. Safari hii Mwamini hakutaka kukosea chochote. Katika ukoo wao uchungu hautangazwi. Ukitangazwa, wanasema, huchelewa, na wenye vijicho hupata nafasi. Anayetumwa kwa mkunga hubeba ndoo tupu kama mtu aendaye kuchota maji. Habishi hodi. Huzunguka nyuma, akakwaruza mlango wa jikoni kwa kucha mara tatu, basi. Felomena alikuwa ameitikia ule mkwaruzo kwa miaka sita, na wala hakuwa ameulinganisha hata siku moja na maneno ya Apolinari.

Aliporudi na maji, uwanja ulikuwa kimya. Mwamini alikuwa amekaa juu ya banda la kuku, ndoo magotini, pindo la kanga limelowa mate. Chini yake Jemadari aliketi wima. Hakubweka, hakuuma. Alitazama tu.

"Mama! Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu jua likiwa kule." Mwamini alielekeza kwa kidevu. "Ningepiga kelele, Mandawa yote ingejua. Sista, twende. Mtoto hangoji."

Felomena alimfunga mbwa, akachukua mkoba wake, akauficha ndani ya kanga. Hawakukimbia, maana kukimbia nako ni kutangaza. Walitembea kwa hatua ndefu, na kila hatua Felomena alihesabu muda uliopotea pale juu ya banda.

Walikuta kichwa kimeshaonekana. Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo mara moja. Vidole vya Felomena vilijua kazi yao. Vilikipitisha juu ya kichwa taratibu, na baada ya kimya kifupi kilichowazeesha wote, mtoto wa kike akalia. Ashura naye akalia. Mwamini akaketi chini palepale mlangoni, kama mzigo uliotuliwa.

Baadaye Mwamini aliifua kanga yake kwa maji saba, ya kwanza kwa udongo, kama dini yake inavyomwagiza kwa mate ya mbwa. Maji yote saba aliyateka Felomena, akiomba radhi kila ndoo, hadi mama yule akacheka.

"Yule mbwa ana adabu kuliko mwanangu. Amenitazama muda wote ule asinijibu neno. Lakini Sista, nyumba yako si ghala."

"Kesho kutwa namrudisha, mama," Felomena alisema, na kwa kulisema akasikia kifua kinafunguka.

Ijumaa baada ya swala, Mbaruku, mume wa Mwamini, alikuja na kipande cha mpingo, akautengenezea mlango wa jikoni komeo ambalo shoka lingelifikiria mara mbili.

Jumamosi, akiwa na Jemadari ndani ya lori lililobeba ufuta, Felomena alipanga maneno ya kujitetea hadi Nachingwea. Hakuyahitaji. "Nimeshindwa, bwana Apolinari," alianza tu, na Apolinari, aliyekuwa amekaa juu ya masanduku yaliyofungwa, akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali. Saturnini hajanisalimu wiki nzima."

Saturnini alikuwa mlinzi wa ghala. Alimtaka mbwa tangu mwanzo, ila hakusema, akidhani mbwa wa meneja hapewi mlinzi. Sasa alitoka langoni, akadondosha rungu, na Jemadari akamwekea miguu miwili kifuani. Mzee akamshika mbavu kwa makini, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amekonda. Felomena alisikia, akaamua kutobishana.

Aliporudi alipanda lori lilelile, likiwa tupu sasa, akaketi mbele karibu na dereva. Kabla hawajautoka mji alikuwa amelala. Hakusikia mashimo, hakusikia abiria waliopanda na kushuka. Walipofika Mandawa dereva alimwita mara tatu, kisha akazima injini, akamwacha amalizie.