Michai ya Mama Mkwe na Greda ya Kaunti

Greda ya kaunti ilipangiwa wadi yetu siku tatu tu, na siku ya tatu, saa sita mchana, ilikuwa lazima iondoke kwenda wadi nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa wadi. Mtu aliyeketi juu ya kigoda mbele ya greda hiyo, panga magotini, alikuwa baba mkwe wangu.

Nieleze kwanza tulivyofika hapo, maana sehemu ya makosa ni yangu.

Barabara yenyewe inatoka kwenye lami na kupanda mlima hadi nilikoolewa, upande wa Magwagwa. Naiita barabara kwa adabu tu. Kwenye ramani ilikuwa na upana wa mita tisa. Kwenye ardhi yenyewe ilitosha ng'ombe mmoja na mwenye kumswaga, kwa sababu kila aliyepakana nayo alikuwa akiimega kidogo kidogo: mwaka huu mstari wa nyasi za nepia, mwaka ujao migomba miwili. Kwetu ardhi ni haba, na mtu akiona kipande kisicho na mwenyewe hapati usingizi.

Miaka miwili kabla ya greda, mama mkwe aliugua ghafla, siku ambayo mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari la kukodi lilikuja likakomea kwenye lami. Dereva aliitazama ile njia akasema hapandi. Tulimlaza mama juu ya ngazi ya mbao, tukamfunika turubai, tukamteremsha mabegani. Wanaume walikuwa wachache, kwa hiyo nami nilishika pembe moja. Baba mkwe alitangulia mbio ili amzuie dereva asiondoke. Tulipofika alikuwa amesimama mbele ya lile gari, mikono ameitandaza juu ya boneti, analowa. Mama alikuwa amekwisha kata roho. Mahali gani njiani, sijui, na kutojua huko hunichoma mpaka leo.

Kwa hiyo kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti kilipofika, nilikwenda na hasira yangu ndani ya mkoba. Msimamizi hapendekezi mradi, yeye huandika tu. Watu waliomba taa za soko, wakaomba choo, wakagombana kuhusu choo. Mama mmoja wa nyuma aliitaja barabara yetu kwa sauti ya chini, kisha akaketi. Niliiandika kwa herufi kubwa, nami nikaifuata hiyo karatasi ofisi baada ya ofisi hadi ikaingia kwenye bajeti. Walisema najitengenezea njia ya kwenda kwangu. Sikukana. Ndivyo ilivyokuwa.

Mhandisi wa kaunti alikuja na utepe wake, akapima kutoka katikati kwenda kila upande, akapaka rangi nyekundu kwenye ua na migomba iliyoingia barabarani. Wenye mashamba tisa walitakiwa wakate vyao wenyewe. Wa tisa alikuwa baba mkwe. Ndani ya alama nyekundu kulikuwa na safu moja ya michai, mashina kama thelathini, yaliyopandwa na mama mkwe kwa mikono yake alipokuwa bado bibi arusi.

Hapa ndipo nilipokosea. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mkwe na mkwe. Mimi na baba mkwe hatushikani mikono. Hatutaniani, hatubishani. Tukikutana njiani mmoja wetu husogea pembeni, tukasalimiana kwa umbali na kwa maneno machache. Jambo zito kama lile lilipaswa kupitia kwa kaka yake, jioni, kwa upole, kwanza habari za ng'ombe, kisha habari za mvua, ndipo barabara. Mume wangu aliyaona yote akasema, "Hiyo ni kazi yako, mimi siingii." Nami nilikuwa na haraka ya greda. Niliandika barua tisa zenye mhuri, nikampa naibu wa chifu azisambaze.

Naibu wa chifu hakutaka kuchosha viatu. Alizisoma zote kwa sauti kwenye kituo cha kupimia majani chai, asubuhi, kila mtu akiwa na kikapu chake kwenye foleni. Baba mkwe alikuwapo. Alisikia akiamriwa kung'oa michai ya marehemu mkewe ndani ya siku saba, na mwishoni akasikia jina la mwandishi, ambalo ni jina langu la ndoa. Yaani jina lake yeye mwenyewe. Waliniambia alichukua kikapu chake bila kupimiwa, akaenda nyumbani.

Wanane walikata. Walinuna, wakanung'unika, lakini walikata. Na kila mmoja, akiinua panga, aliuliza swali lilelile: na kwa mkweo je? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kama ningeipitisha greda pembeni ya michai ya kwetu, nisingeweza tena kusimama mbele ya mtu yeyote wadi ile nikamwambia akate hata jani.

Basi siku ya tatu, saa nne na nusu, greda ilifika penye michai ikazima. Waliokuwa wakiifuata nyuma wakasogea kutazama. Nilipanda ile njia mpya na kizibao changu cha kaunti. Wangetaka kuona nini, serikali ikimfokea mzee, au mkwe akirudi kinyumenyume? Nilikasirika na wote, na yeye, na naibu wa chifu, na mimi mwenyewe zaidi.

Nilisimama hatua kumi kutoka alipo, nikampa mgongo nusu.

Dereva wa greda aliniokoa bila kujua. Alikuwa Mwislamu wa Kisii mjini, mtu mzima, kofia yake imejaa vumbi. Hakujua tumehusiana vipi. Aliteremka akasema, "Mama, ongea na mzee wako. Saa zangu zinaisha."

Nikamwambia yeye, kwa Kiswahili, "Mwambie mzee nimemsalimu."

Alinishangaa. Mzee yuko pale pale, anasikia. Lakini alimgeukia. "Mzee, umesalimiwa."

"Ambia yeye nimesikia," akasema baba mkwe. "Na uulize yeye, jina iko chini ya ile barua ni ya nani?"

"Mama, anauliza—"

"Mwambie ni lake."

"Ni lako, mzee."

"Sasa jina yangu ndio imeniandikia mimi nitoke?"

Dereva akanigeukia.

"Mwambie nilikosa," nikasema mbele ya wadi nzima. "Mwambie barua haikupaswa kusomwa pale. Nilipaswa kumtuma kaka yake. Kosa ni langu, si la kaunti."

Dereva alianza kuyafikisha akaishia katikati, kwa sababu mzee alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa.

"Hii chai," baba mkwe alisema, akiangalia greda wala si mimi, "mama ya watoto alipanda. Mimi nilichimba shimo tu. Hii ingine yote huko juu ni yangu. Hii ni yake."

"Mwambie najua. Mwambie hiyo barabara niliiandika kwa ajili ya yule yule."

Hilo dereva hakulifikisha. Alivua kofia, akaikung'uta gotini, akatazama chini. Naona alikuwa ameelewa kwamba katikati yetu kuna maiti.

Dereva alitazama saa yake mara mbili. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitamwamuru awashe. Barabara ikome pale, nami niandike barua ya kuacha kazi kabla ya hao wanane kunidai.

Mzee akasimama. Panga alilichomeka kwenye ua. "Majani imekomaa," akamwambia dereva. "Ambia yeye achume kwanza. Hiyo chai haiwezi kwenda na majani yake."

Nilivua kizibao. Kikapu nililetewa na yule mama aliyeitaja barabara kikaoni. Nikaingia kwenye safu ya mama mkwe, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, nikilia bila kujifuta kwa kuwa mikono ilikuwa kazini. Sikumwita mtu, ila wanawake wa yale mashamba manane waliingia upande wa pili, na ile safu ikaisha kabla ya saa tano na nusu. Majani yalipelekwa kituoni na kupimwa kwa jina la marehemu, ingawa karani alisita.

Dereva akasema bismillahi, akawasha. Greda ilipita mara mbili. Mashina yaling'oka rahisi kuliko nilivyotarajia, yakasukumwa kando na udongo mwekundu. Saa sita iliikuta mbele ya lango la baba mkwe.

Mzee aliingia katikati ya barabara. Alitazama chini, hadi kule lami inapoonekana kidogo kati ya migomba, kisha akatembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akihesabu hatua kwa midomo. Alirudi akasimama karibu na dereva.

"Ambia yeye," akasema, "gari ingefika."

Dereva alinigeukia anifikishie. Hakukuwa na haja. Nilikuwa nimesikia.