Makumi ya Karibu

Kiburi nilikuwa nacho, sitaficha. Enzi hizo za Mjerumani, kijijini kwetu huku milimani Uluguru, msichana anayejua kuandika tarakimu alikuwa mmoja tu, naye ni mimi. Mwalimu wetu wa shule ya misheni alikuwa ametufundisha kukadiria: kabla hujakokotoa, peleka kila namba kwenye makumi ya karibu. Tano na kuendelea inapanda, chini ya tano inashuka. Tuliimba hivyo kutwa nzima, naye akitupigia mapigo kwa fimbo mezani. Nikatoka pale nikijiona nimemaliza elimu ya dunia.

Nyumbani mwenye kauli alikuwa mjomba, kaka yake mama, kama ilivyo kwetu Waluguru. Yeye alitaka niache shule nikashike jembe kwenye shamba lake la maharage. Mama akamsihi wee, mwisho mjomba akatoa sharti: siku ya kumtoa dada yangu mwali, hesabu ya kugawa nyama ya mbuzi niifanye mimi. Nikifaulu, nabaki shule. Nikiharibu, shamba linaningoja.

Sasa, kwetu watu hawahesabiwi kwa mdomo. Ni kuwaitia balaa. Kila kundi la wageni lilitanguliza punje za mahindi zilizofungwa kwenye jani la mgomba, kila mtu punje yake. Mkuyuni wakaleta thelathini na nne. Mikese ishirini na tatu. Wapiga ngoma wakaleta nne. Bibi akanionya nisithubutu kutaja idadi ya watu. Nikamwambia asiwe na shaka, mimi sihesabu, nakadiria. Maskini akafurahi, akaona kumbe shule nayo ina adabu.

Nikatangaza vipande hamsini. Thelathini vya Mkuyuni, ishirini vya Mikese. Wapiga ngoma ni wanne, wako chini ya tano, basi wakashuka hadi sifuri. Sikusita hata kidogo. Kanuni ni kanuni.

Mjomba alikuwa ameagiza neno langu lifuatwe, likafuatwa. Wageni wa Mkuyuni na Mikese walipoona havitoshi wakakatiana, wakala kwa heshima zao. Wapiga ngoma wakasubiri. Wakanusa. Mkubwa wao akauliza kwa upole kapu lao la nyama liko wapi, akajibiwa halipo. Wakaegemeza ngoma ukutani, wakajilaza. Dada akatolewa nje, amepakwa mafuta anang'aa, shanga tele, na uwanja mzima kimya. Akaniangalia. Loo, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mjomba akawapelekea wapiga ngoma paja la mbuzi, fungu lake mwenyewe. Ngoma zikalia. Kisha akaniita nyuma ya nyumba. Nilikwenda machozi yananitoka, shamba la maharage nimeshaliona lote, mpaka magugu yake. Akataka nimweleze nilichofanya. Nikamweleza ile kanuni neno kwa neno, naye akasikiliza mpaka mwisho huku akikuna kidevu.

"Na mtu mmoja, kama wewe, kwa hesabu hiyo ni ngapi?"

"Sifuri, mjomba."

"Sasa sifuri nitaipa jembe ilime nini? Kesho rudi shule, ukae huko huko mpaka uwe mtu."