Keki Aliyoiangukia Aksel

Sidsel Brandstrup, jirani yetu kule kisiwani Fyn, aliishi kwa kuoka keki za shughuli za watu. Ukibatizwa, keki ya Sidsel. Ukizikwa, keki ya Sidsel, ingawa hiyo wewe huionji. Makombo hakuyatupa, wala msishangae: vita vilikuwa vimekwisha, lakini sukari bado tuliipata kwa mgao.

Kiangazi kimoja wakaja watu wa filamu kutoka Kopenhagen. Filamu yenyewe ya kuchekesha, na mwongozaji alitaka keki kubwa ya tabaka, mchekeshaji Aksel Rugholm aiangukie kwa uso.

"Usijisumbue, Bibi Sidsel," akasema. "Paka povu la sabuni juu ya boksi. Kwenye picha ni mamoja."

"Kwenye picha, labda. Mezani kwangu hapana."

"Lakini itaharibika, mama."

"Basi iharibike ikiwa keki."

Gudrun, shoga yake, hakumwacha. "Sukari uliyojinyima mwaka mzima, ukamwogeshe nayo mlevi wa Kopenhagen?"

"Halewi, anaigiza tu."

"Basi uliyelewa ni wewe."

Sidsel akapiga krimu kwa mkono, akatia vanila kidogo aliyokuwa nayo, akapanga jamu ya stroberi tabaka kwa tabaka. Kamera ikawashwa uani, Aksel akajikwaa, akazama mpaka masikioni. Iliyobaki ikamwagika majanini, kuku wakaikimbilia. Sidsel akaingia ndani, nami nikajua roho inamuuma.

Filamu ilifika mjini kwetu wakati wa theluji. Sidsel hakutaka kwenda.

"Twende ukaiage sukari yako," Gudrun akamvuta mkono.

Ukumbi ulijaa. Aksel alipoanguka, tulicheka mpaka viti vikalia. Kisha akainua uso, mweupe pepe kwa krimu, ulimi ukatoka taratibu, ukalamba mdomo wa juu. Hapo aliacha kuigiza, mtoto mdogo angeliona hilo. Akafumba macho, uso ukamtulia kama wa mtu aliyeitwa jina lake kwa mara ya kwanza.

Kicheko kikakatika. Mwanga wa picha ulitumulika nyuso zote, wavuvi, wakulima, mchungaji wa kanisa, na katika kimya kile nikasikia kitu ambacho sijakisikia tena maishani: ukumbi mzima ukimeza mate kwa pamoja.

Hata Gudrun alijilamba mdomo.

Sidsel hakupepesa macho. Akaniinamia, akaninong'oneza polepole, "Kumbe vanila ilitosha."