Biografia ya Mtu Aliye Hai

Hapa Bunia ukimwambia mtu kwamba wewe ni mwandishi, anakuuliza nani amekufa. Sitanii. Nimejaribu kujieleza kwa kila namna: mwandishi wa vitabu, mtunzi wa hadithi, mtu wa kalamu. Mwenzangu anatikisa kichwa, ananihurumia kidogo, halafu anakumbuka kwamba baba mkwe wake yuko hospitalini na hali yake si nzuri, basi anaomba namba yangu ya simu, isije ikatokea dharura.

Chanzo cha haya yote ni biografia. Kwetu marehemu hazikwi kimyakimya. Kabla jeneza halijaondoka, mtu wa familia anashika mikro, kile kipaza sauti, na kusoma maisha yake: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifunga ndoa na nani, alifanya kazi gani, alibatizwa lini, ameacha watoto wangapi. Karatasi hiyo ndiyo biografia, na ikisomwa vibaya familia inapata aibu ya kuzungumziwa mpaka matanga mengine. Zamani kidogo jirani yetu wa hapa mtaa wa Shari alifiwa na kaka yake, akaniletea karatasi yake nimnyooshee maneno. Nilifuta nusu. Mahali pa sifa za "mtu mwema, mpole, mcha Mungu" niliandika kwamba marehemu alikuwa akitengeneza baiskeli za wanafunzi bila kuombwa, na kwamba hakuweza kumaliza sahani ya mboga ya sombe bila kulalamika kuhusu chumvi. Watu walilia, wakacheka, wakalia tena. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu.

Laiti ningejua ningeacha ile karatasi kama ilivyokuja.

Tangu siku ile sijapata amani. Wanakuja saa ya chakula, wanakuja Jumapili, wanakuja wakiwa bado hawajakubaliana marehemu alikuwa na watoto wangapi, na ugomvi huo wanaumalizia kwenye viti vyangu. Kisha wanasema, "Ni kitu kidogo tu. Weye unajua, andika tu." Andika tu! Hakuna anayemwambia seremala apige jeneza tu. Seremala analipwa, mwenye viti vya kukodi analipwa, mwenye vyombo vya muziki analipwa tena kabla hajafungua spika. Mimi napewa soda ya vuguvugu na kuambiwa Mungu atanikumbuka.

Haki yao lakini niwape, maana ufundi niliupata huko. Msomaji wa biografia ni mpwa anayelia. Ukimpa sentensi ndefu anakwama katikati, mikro inapiga yowe, wingu linakaribia na yule wanayemwita protokole, mwongozaji wa shughuli, anamkonyeza afupishe. Nikajifunza kuandika sentensi ambayo mtu anaweza kuibeba huku machozi yakimtoka. Nilijifunza pia kwamba kitu kimoja cha kweli kinatosha kumrudisha marehemu uwanjani, na kwamba sifa kumi zinamfukuza.

Kwa ufundi huo niliandika kitabu changu, hadithi za watu wa mji huu wakiwa hai. Niliandika kwa Kiswahili. Mkurugenzi wa shule moja alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakirudisha kwa mkono mmoja: kitabu cha Kiswahili ni cha nyimbo za kanisani, akasema, chenye akili kinaandikwa kwa Kifaransa. Nilichapisha kwa akiba yangu yote, ng'ambo ya mpaka, na kitabu kikabatizwa, kama ilivyo desturi yetu. Pasta aliombea kurasa. Baba wa ubatizo, mfanyabiashara anayeleta mabati kutoka Ariwara, alinyunyizia jalada maji kidogo, akanunua nakala ya kwanza kwa makofi mengi, akapigwa picha. Hadi leo ananipigia simu kuniuliza kitabu kinasema nini, asije akaaibika akiulizwa. Nikimwambia akifungue, anacheka kana kwamba nimemtania.

Nakala zilizobaki, yaani karibu zote, ziko kwenye makatoni chumbani kwangu. Shangazi ameweka mifuko yake ya bunga, yaani unga wa muhogo, juu yake ili isishike unyevu wa sakafu. "Angalau vinasaidia," alisema siku alipoipanga.

Huyo shangazi ndiye aliyenilea. Ni dada ya baba yangu, tulitoka naye Djugu wakati hakukuwa na namna nyingine ila kutoka, na kiwanja tunachoishi ni chake. Aliniingiza shuleni, akanisomesha mpaka nikamaliza, akiwa na picha moja kichwani: mimi natoka asubuhi na viatu vilivyong'arishwa na mkoba kwapani, naelekea ofisini. Badala yake anamwona mwanaume mzima ameketi dirishani na kandambili, anaangalia ukuta. Wageni wakiita getini, hata nikiwa katikati ya sentensi niliyoitafuta tangu asubuhi, anawajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Ingieni tu! Iko mu nyumba, hana kazi. Iko anaandika."

Nimeudhiwa na watu wengi katika shughuli hii, lakini hakuna neno lililoniuma kama hilo. Mkurugenzi wa shule simdai kitu. Mwenye mabati simdai kitu. Kwa shangazi nilitaka jambo moja: kwamba siku moja, kabla hajaondoka duniani, aite kazi hiki ninachokifanya.

Basi fikiria nilivyoshtuka alipokuja mwenyewe kuniagiza. Ilikuwa asubuhi, ameshika ungo, amesimama mlangoni pangu kama wateja wengine wote wanavyosimama.

"Utaniandikia biografia yangu," alisema.

"Shangazi, unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kuisikia. Kama nitakuwa mu sanduku, nitasikia namna gani? Ile ya mama wa nyuma ya kanisa, batu balisoma bongo, uongo tupu, na yeye iko amelala pale, hawezi kubisha."

Nilimwambia biografia ya mtu aliye hai haipo, kwamba watu watasema tunaita kifo nyumbani. Alijibu kwamba kifo kinajua njia bila kuitwa. Nikaandika. Niliandika kwa mtindo uleule wa siku zote, kwa sababu nilikuwa na hadithi yangu inayonisubiri na nilitaka kumaliza haraka. Nilipomsomea, nilikutana na mteja mgumu kuliko wote niliowahi kuwapata.

Kwanza aliagiza mke wa pili wa marehemu mume wake aondolewe. Nilimwambia huyo mama yupo, ana watoto, na siku ya mazishi atakuwa amekaa safu ya mbele. "Akae," alisema, "lakini asisomwe." Kisha alitaka iandikwe kwamba alikuwa na shingo ndefu. Kisha kwamba alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, jambo ambalo kila mtu aliyewahi kusimama karibu naye kanisani anajua si kweli. Nilirekebisha, nikasoma tena, akasema ya jirani niliiandika vizuri zaidi, pengine kwa sababu jirani si ndugu. Nilimeza hasira zangu. Nilirekebisha tena. Nilianza kuota ile shingo.

Mara ya tatu alikaa kwenye kiti kidogo uwanjani, akichekecha bunga, mimi nikasoma nikiwa nimesimama kama kwenye mazishi hasa. Kuzaliwa, sawa. Masomo machache, sawa. Ndoa, mke wa pili hayumo, sawa. Nikafika pale ambapo biografia hutaja kazi: "Hakubahatika kufanya kazi. Alikuwa mama wa nyumba aliyejisaidia kwa biashara ndogo ndogo."

Ungo ulisimama.

"Soma tena pale."

Nilisoma tena, kwa sauti ya chini kidogo.

"Sikukuwa na kazi?" alisema. "Miye? Ile bunga nilikuwaka natoa Marabo, mvua, matope, camion ya mizigo inalala njiani, njo haikukuwa kazi? Masomo yako nani alilipa? Mume wangu? Yeye alikuwaka na kazi, mu biografia yake muliandika mistari mingi. Makuta ya mushahara wake ilifika kwako siku gani?"

Nilijitetea kwamba ndivyo biografia zote za akina mama zinavyoandikwa, kwamba ni desturi ya karatasi zenyewe, kwamba kazi kwa watu wetu ni ya serikali, ya shule, ya misheni. Nilikuwa nasema huku najisikia mpumbavu, na kwa kuwa nilijisikia mpumbavu nilipandisha sauti.

"Na miye je, Shangazi? Kila siku unaambia batu getini sina kazi. Batu bote ba Shari banajua sina kazi, juu weye njo unabaambia!"

"Weye unakaa mu kivuli!"

"Na weye ulikuwa unakaa sokoni!"

Hili la mwisho nililisema nikiwa tayari najuta. Aliinuka, akachukua ungo wake, akaingia ndani. Siku zilizofuata ugali ulikuwa mezani umefunikwa, hakuna aliyeniita kula. Alinipita uwanjani kama anavyopita mgomba. Mimi nami nilinuna, maana nilikuwa na haki yangu, na niliilinda haki hiyo peke yangu chumbani kati ya makatoni na mifuko.

Tatizo ni kwamba huwezi kulala karibu na mifuko ile kwa hasira kwa muda mrefu. Harufu ya muhogo mkavu ndiyo harufu ya karo zangu zote. Asubuhi moja nilichana ile karatasi, nikatoa kiti changu nje, nikakiweka mbele ya meza yake ndogo ya getini anapouzia siku hizi magoti yalipokataa safari. Nikamwomba anieleze kazi yake.

Alimalizia kwanza kumpimia mteja. Halafu akaanza, ovyo, bila mpangilio, na mimi nikamsumbua kama ninavyosumbuliwa. Nilimuuliza alikuwa anakaa wapi kwenye lori. Juu ya mifuko. Mvua ikija? Anavua kitenge anafunika mifuko. Na yeye? "Miye nalowa. Miye siozi." Nilimuuliza alikuwa anafikiria nini juu ya lori. Alinishangaa, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, halafu akasema alikuwa anafikiria kwamba mimi sijui kufunga kamba za viatu na nani atanifungia.

Nilianza kuandika palepale, kwenye magoti. Aliuza, akafukuza kuku, akauza tena. Niliandika sentensi ya lori nikaifuta. Nikaiandika kuanzia mvua, nikaifuta. Nikaiandika kuanzia kitenge. Jua likatuhamisha, tukasogeza viti. Niliona ananitazama kwa pembeni, kwa macho yale anayomtazamia mteja anayejaribu bunga kwa vidole.

"Asubuhi yote," alisema mwishowe, "njo mistari hii tu?"

"Hii tu."

"Na hii umefuta?"

"Haikuwa nzuri."

Nilimsomea: kwamba alikuwa mfanyabiashara wa bunga ya muhogo kati ya Marabo na Bunia, kwamba mvua ilipomkuta juu ya lori alivua kitenge akafunika mifuko na kulowa yeye, na kwamba chini ya kitenge kile walijikinga watoto wote aliowasomesha. Alichekecha mpaka bunga ikaisha kwenye ungo, akaendelea kuchekecha ungo mtupu. Aliniambia niisome tena. Nilisoma. Kisha akasema shingo ndefu naweza kuiondoa, haina lazima sana.

Karatasi aliichukua, akaiweka kwenye Biblia yake. Hakunisifu. Sikutegemea, ingawa nilizunguka uwanjani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, endapo neno lingetoka. Halikutoka.

Juma lililofuata nilikuwa chumbani, kazi ya siku nimeimaliza, kalamu nimeiweka, nakunywa chai na mkate, miguu juu ya katoni. Nikasikia watu getini. Wamefiwa, mazishi ni kesho, wamekuja kwa yule kijana anayeandika. Nikasubiri ile sauti ya kila siku ya kuniaibisha.

"Iko ku kazi," shangazi alisema.

"Mama, ni kitu kidogo tu. Aandike tu haraka-haraka."

"Miye nimesema iko ku kazi. Mungojee pale. Na mujue, ya bure hakuna tena. Weye unafikiri mistari inaokotwa?"

Viti vikavutwa uwanjani. Kutoka pale getini dirisha langu linaonekana vizuri, na aliyekaa kwenye kiti cha kwanza angegeuka angeniona natafuna mkate. Nikashusha miguu. Nikasukuma kikombe pembeni, nikafuta makombo mezani, nikachukua kalamu, nikaanza kuandika.