Ada Iliyolala Marekani

Shemeji yangu wa Marekani simpendi, na sioni sababu ya kuanza kwa upole. Ni mdogo wake mume wangu. Binti yetu alizaliwa kwake kule, kabla hatujahamia Ubelgiji, na alipofika darasa la kwanza shemeji akaja kututembelea hapa Brussels, mtaani kwetu Schaerbeek. Akala pilau yangu sahani mbili, akampakata mtoto, akatangaza kwamba huyu ni mwanawe. Kwetu mtoto wa kaka yako ni wako, hilo sikatai. Kisha akatueleza kwamba kwao kuna akaunti maalumu ya kuwawekea watoto hela ya chuo: hela inazaa, na faida yake haikatwi kodi mradi ilipie masomo. "Nitaifungua kwa jina langu, mtoto awe mnufaika. Nyie tumeni tu."

Tukatuma. Mimi nasuka nywele saluni, pale Galerie d'Ixelles, na kila mwezi sehemu ya misuko yangu ilivuka bahari. Mume wangu alikuwa dereva, naye akachangia. Miaka ikapita hivyo, yeye akituma salamu za "mwanangu hajambo?" na sisi tukituma hela.

Binti akapata nafasi kwenye chuo binafsi hapa hapa Brussels, kimojawapo cha vile ambavyo sheria ya akaunti ile inavikubali. Ada yake hulipwa kwa awamu mbili: Septemba, na kabla ya mitihani ya Januari. Septemba shemeji akasema hela bado haijatoka, tukope. Tukakopa, nikalipa mimi. Desemba akapiga simu kwa mbwembwe: ameitoa! Nikamuuliza, imeenda chuoni?

"Hapana shemeji, nimeiingiza kwangu kwanza. Mtoto ni wangu, nataka nimlipie mwenyewe."

Yaani apate cha kusimulia. Nikasema haya, lipa basi.

Hakulipa. Krismasi ikapita, mwaka ukageuka. Simu hapokei, akipokea, yuko barabarani, yuko kanisani, atanipigia. Mume wangu akaniambia nisimbane, damu nzito kuliko maji. Nikamuuliza kama chuo kinapokea damu.

Asubuhi ya mtihani wa kwanza binti alipanda tramu akiwa amevaa koti langu zuri. Kabla ya saa nne alikuwa amesharudi. Ada ilikuwa haijalipwa, kwa hiyo jina lake halikuwamo kwenye orodha, na msimamizi alimwambia atoke mbele ya wenzake. Hakulia. Aliingia chumbani akalala na koti lile lile. Aliyelia ni mimi, kwa hasira, wala si kwa huzuni.

Jioni ile shemeji akapiga mwenyewe. Nikadhani amesikia. Wapi! Mtaalamu wake wa kodi alikuwa amemtia kiwewe: hela ikitoka mwaka fulani, ada nayo ilipwe mwaka huo huo, Januari hadi Desemba. Yeye ametoa Desemba, hajalipa kitu. Na kwa kuwa hela iliingia kwake, karatasi ya kodi inakuja kwa jina lake: faida yote ikatwe kodi, na adhabu juu. Labda aonyeshe ada iliyolipwa mwaka ule ule.

"Shemeji, si ulilipa Septemba? Nitumie ile risiti."

Nikamwambia mtoto amefukuzwa kwenye mtihani leo.

"Dah, pole yake. Sasa hiyo risiti, unaweza kuipiga picha usiku huu?"

Lo! Nilikuwa sijawahi kumtukana mtu wa ukoo wa mume wangu. Siku hiyo nilimtukana mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha nikamwambia: "Risiti ina jina langu. Mwanangu akishakaa kwenye kiti cha mtihani akamaliza, utaipata. Kabla ya hapo, hata uje kunipigia magoti mlangoni, huipati."

Ada ikafika chuoni wiki ile ile. Kumbe ilikuwa inawezekana! Lakini mitihani ya Januari ilikuwa imeshampita. Chuo kikasema ataifanya Agosti. Shemeji akadai: nimelipa, lete risiti. Nikamjibu nilisema mtihani, sikusema ada. Kwao mwisho wa kupeleka hesabu za kodi ni Aprili, kwa hiyo Machi nzima simu yangu haikupumzika. Nikawa "shemeji yangu kipenzi", mimi huyu! Mume wangu akaninunia. Mwenye saluni, maman mmoja wa Lubumbashi, aliposikia habari akacheka hadi akashika kiti: "Eh maman, ule haiko beau-frère, iko douanier! Bon, usimupatie kitu." Yaani huyo si shemeji, ni mtu wa forodha: anashika mzigo wako mpaka umpe kitu.

Binti ndiye aliyenitikisa kidogo. "Mama, mpe tu yaishe." Nikamwambia ashughulike na vitabu vyake.

Aprili ikapita. Shemeji akalipa kodi, akalipa na adhabu, akautangazia ukoo mzima kwamba mke wa kaka yake ni nyoka. Sawa, ni nyoka.

Agosti wenzake walikuwa likizo. Binti alikwenda peke yake, mtihani baada ya mtihani, kwenye jengo tupu lenye joto. Siku ya mwisho nilimsubiri nje, kwenye ngazi. Akatoka, akaniangalia, akasema, "Nimemaliza, mama."

Tukapitia posta. Nikatoa ile risiti ya Septemba mkobani, nikanunua stempu ya kwenda Marekani.